Supamaketi ya Nakuru Iliyobadilisha Wamiliki Bila Kupoteza Watu Wake

Supamaketi ninayoitathmini hapa iko katikati ya jiji la Nakuru, karibu na Barabara ya Kenyatta, ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa na tawi la mojawapo ya kampuni kubwa za supamaketi zilizoanguka. Ninaipendekeza kwa anayenunua vyakula vya nyumbani, na zaidi kwa anayenunua kwa wingi, kwa kuwa kazi yangu ni kulinunulia chakula bweni la shule ndogo iliyo nje kidogo ya mji na ninajua shida ya kurudi na gari tupu ilhali watoto wanasubiri uji. Duka hili limepitia mambo mazito katika muda mfupi: limeuzwa kwa wamiliki wapya, limebadilisha mfumo wake wa kompyuta, na limefunga sehemu yake ya kuoka mikate. Katika yote hayo wafanyakazi waliambiwa mapema kilichokuwa kikija, na kwa hiyo sisi wateja hatukuachwa gizani. Sitalitaja jina, kwa sababu baadhi ya mambo nitakayoyaeleza niliyasikia kwa wafanyakazi walionieleza kwa kuniamini, na sipendi maneno yao yawagharimu kazi.

Mtu asiye wa huku anaweza kushangaa kwa nini nasisitiza jambo hili badala ya kuzungumzia bei ya sukari na usafi wa sakafu. Nakuru ndiko yalikoanzia maduka makuu yaliyoibadilisha Kenya. Nakumatt ilipata jina lake kutokana na biashara ya magodoro ya Nakuru, ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Tuskys na Naivas zote zina asili yake Rongai, katika kaunti hii hii, na Naivas ilianza mwaka 1990. Kati ya hizo tatu, mbili hazipo tena. Nakumatt ilianza kufukuzwa na wenye majengo mwaka 2017, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi kwa mujibu wa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ya kuivunja. Tuskys ilifuata mkondo huo mwaka wa korona, ikashindwa kuwalipa wasambazaji, kodi na mishahara, tawi baada ya tawi likafungwa. Ndugu zetu wa Kisumu na magharibi nao waliona Ukwala ikichukuliwa na Choppies ya Botswana, kisha Choppies yenyewe ikafungasha virago na kuondoka nchini. Katika kila anguko kulikuwa na keshia, mpanga rafu, mlinzi na dereva waliozisoma habari za mwajiri wao gazetini siku ile ile tuliyozisoma sisi.

Supamaketi haifi ghafla. Huuza bidhaa ambazo bado haijazilipia: msambazaji huleta unga leo na kusubiri malipo yake kwa mwezi mmoja, miwili, au zaidi, huku mteja akilipa papo hapo. Pengo hilo la muda ndilo linaloiwezesha biashara kukua haraka, na ndilo linaloiua wamiliki wanapozitumia fedha za wasambazaji kufungulia matawi mapya. Msambazaji mdogo asipolipwa hulalamika, yule mkubwa huacha kuleta. Wa kwanza kujua ni wafanyakazi wa stoo, kwa kuwa lori lililozoea kufika Jumanne halifiki. Anayefuata ni mpanga rafu, ambaye huagizwa kuzitandaza chupa chache za maji na karatasi za chooni hadi zijaze nafasi iliyokuwa ya maziwa, mafuta na sabuni. Mteja makini huona rafu ndefu yenye bidhaa ya aina moja iliyosimamishwa mstari mmoja mbele na nyuma yake hewa. Nilikuwa nikinunua katika jengo hili hili kampuni ya zamani ilipokuwa inazama, na kijana aliyekuwa akizipanga chupa hizo alipoulizwa mafuta yatafika lini alijibu kwamba yako njiani, kwa sababu ndilo jibu alilopewa. Alijua si kweli. Kumlazimisha mfanyakazi kusimama mbele ya wateja kutwa nzima akisema asichokiamini ni dhuluma isiyotajwa katika hesabu za ufilisi, lakini nadhani ndiyo iliyowaumiza wengi kuliko hata mshahara uliochelewa.

Baada ya kampuni hiyo kuondoka, jengo lilikaa tupu kwa muda, kisha mfanyabiashara wa hapa hapa Nakuru akalikodi. Aliajiri watu kadhaa waliokuwa wameachwa na kampuni zilizoanguka, na hilo lilikuwa jambo la busara, maana wanazijua dalili zote. Mfanyabiashara huyo ndiye aliyeliuza duka baadaye, na hapo ndipo nilipotarajia kuyaona yale ya zamani yakijirudia. Haikuwa hivyo. Wiki kadhaa kabla ya mauzo kukamilika, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa wafanyakazi, limeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka: duka linauzwa, mnunuzi ni nani, mishahara ya mwezi huo italipwa na nani, na miaka ya utumishi ya kila mmoja itahesabiwaje. Mfanyakazi mmoja wa kaunta ya nafaka aliniambia kwamba jambo lililomtuliza lilikuwa kuiona tarehe ya malipo imeandikwa, kisha tarehe hiyo ilipofika fedha zikaingia.

Ninalitilia mkazo hilo la miaka ya utumishi kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza haki zao. Biashara inapobadilisha mikono, mfanyakazi anaweza kupewa mkataba mpya unaoanza upya kana kwamba jana hakuwapo, na akiusaini bila kuuliza, miaka yake inayeyuka. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa notisi ya mwezi mmoja au zaidi, kumjulisha afisa wa leba na chama cha wafanyakazi kama kipo, kuwachagua wa kuondoka kwa kuzingatia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wao, na kumlipa kila anayeondoka mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Katika duka hili mmiliki wa zamani aliwapa wafanyakazi chaguo mbele ya mwakilishi wao: kulipwa haki zao kwake na kuanza upya kwa mmiliki mpya, au miaka yao ihamishwe kwa maandishi. Walio wengi waliichagua njia ya pili. Mteja anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu keshia aliyekuwa akinihudumia kabla ya mauzo ndiye anayenihudumia leo, anajua kwamba risiti zetu za shule lazima ziwe na namba ya kodi, na sihitaji kumweleza upya kila mwezi.

Mabadiliko ya mfumo wa kompyuta yalikuwa magumu zaidi kuliko mauzo yenyewe. Wamiliki wapya walileta mfumo mmoja unaounganisha stoo, kaunta na ankara za kielektroniki za eTIMS zinazotakiwa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na kwa siku za mwanzo bei zilizoandikwa kwenye rafu hazikulingana na bei zilizotokea kwenye mashine. Kwingine nimeona tatizo kama hili likimwangukia mteja, anaambiwa kwamba mashine ndiyo inayosema kweli, alipe au aache. Hapa meneja msaidizi alisimama mwenyewe nyuma ya kaunta, na kila bei ilipotofautiana mteja alilipa ile ndogo, kisha tofauti ikaandikwa kwenye daftari. Niliuliza kama keshia wangekatwa fedha hizo mwisho wa mwezi, kwa sababu ninajua desturi hiyo ipo katika maduka mengi. Niliambiwa kwamba wakati wa asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, wote walikuwa wameelezwa kuwa hasara ya kipindi cha mpito ni ya duka na si ya mtu.

Siku moja mfumo ulizima kabisa mchana. Foleni ilifika hadi kwenye rafu za sabuni, na nilitarajia milango ifungwe. Badala yake keshia watatu walitoa vitabu vya risiti vyenye nakala ya kaboni na orodha ya bei iliyochapishwa asubuhi, wakatangaza kwamba watauza unga, sukari, chumvi, mafuta, maziwa na mkate tu hadi mfumo urudi. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja mwenye pakiti ya unga na kibiriti. Keshia akamwambia, "Shosho, kibiriti hakimo kwenye orodha hii, lakini chukua, nitakiandika chini kwa kalamu. Usirudi nyumbani bila moto." Bibi akamjibu, "Asante mwanangu, Mungu akuongeze." Msichana yule alikuwa na ruhusa ya kuamua jambo dogo kama lile bila kumtafuta mkubwa wake, na aliijua mipaka ya ruhusa hiyo. Waajiri wengi huandaa mafunzo ya kutumia mashine na kusahau kuwafundisha watu la kufanya mashine inapokufa. Hapa walikuwa wamefundishwa yote mawili, na ilionekana.

Suala la mikate sitalipamba. Duka lilikuwa na tanuri lake, na mkate wa jioni ulikuwa mojawapo ya sababu za watu wa mitaa ya jirani kupitia hapo wakitoka kazini. Wamiliki wapya walilifunga tanuri kwa kuwa gharama za umeme na ngano zilikuwa zimepanda na mashine ilikuwa kuukuu. Sasa mkate unaletwa kutoka kwa kiwanda, na kwa maoni yangu ni mkate wa kawaida usio na ladha ya ule wa awali. Ninalihesabu hili kuwa hasara ya kweli kwa mteja, na sidhani kwamba walitafuta vya kutosha njia ya kulitengeneza tanuri. Lakini namna waokaji walivyoshughulikiwa ilikuwa ya haki. Waliambiwa mapema, wakaonyeshwa hesabu za tanuri kwa mwezi uliopita ili waone kwamba hawakuwa wakilaumiwa kwa uvivu, kisha wakapewa nafasi ya kuhamia kaunta ya nafaka au stoo kwa mshahara ule ule. Waliokataa walilipwa na kuondoka, na mmoja wao sasa anaoka maandazi na keki kwa oda na kuwauzia wale wale waliokuwa wateja wake. Aliyehamia kaunta ya nafaka ndiye anayenipimia maharagwe siku hizi. Huyachagua kwa vidole kabla ya kuyamimina kwenye mizani, akitoa mawe na yaliyotobolewa, kwa uangalifu ule ule aliokuwa nao alipokuwa akipima hamira.

Mtihani mwingine ulikuja mwaka 2023, sukari ilipopungua nchini. Miwa iliyokuwa shambani ilikuwa changa, na Julai mwaka huo serikali ikasimamisha usagaji ili miwa ikomae, jambo lililovigusa viwanda vya magharibi na kila rafu ya nchi hii. Duka liliweka kikomo cha pakiti kwa kila mteja na kuandika sababu kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya rafu yenyewe. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba mfanyakazi wa oda kubwa alinipigia simu kabla ya siku yangu ya kununua, akaniambia wazi kwamba angeweza kunipa nusu ya kiasi nilichozoea, na kwamba nisikubali ahadi ya zaidi kutoka kwa mtu yeyote. Kwa nusu ile tulipanga upya ratiba ya chai ya watoto na hatukuaibika. Kama ningeambiwa kwamba sukari iko njiani, ningesubiri, na wakati ningeujua ukweli maduka mengine nayo yangekuwa yameishiwa.

Sasa nieleze yanayopungua, kwa sababu yapo. Vijana walioajiriwa baada ya mauzo wako kwenye mikataba ya miezi mitatu mitatu, inayofanywa upya kila inapoisha. Wanafanya kazi zile zile zinazofanywa na wenzao wa kudumu, na hawajui kama watakuwepo Krismasi. Duka lililowaheshimu wafanyakazi wa zamani kiasi kile halina sababu ya kuwaweka wapya katika hali hiyo, na tofauti inaonekana kwenye huduma: ukimwuliza kijana wa mkataba mahali ilipo bidhaa, mara nyingi anakupeleka kwa mwenzake wa zamani, kwa kuwa hakuna aliyetumia muda kumfundisha mtu ambaye huenda akaondoka. Keshia pia husimama zamu nzima bila viti. Kiti cha kaunta si gharama kubwa, na sijasikia mteja wa Nakuru aliyewahi kulalamika kwamba amehudumiwa na mtu aliyeketi.

Mboga zao siwezi kuzisifu. Sukuma wiki hufika asubuhi ikiwa nzuri na kufikia alasiri imenyauka, na kwa bei yao ni afadhali kwenda sokoni kwa akina mama wanaoleta kutoka Bahati na Njoro. Nyama haipo kabisa. Mwisho wa mwezi foleni ni ndefu, na ingawa kuna kaunta za kutosha, mara nyingi zinazofanya kazi ni chache. Bei za mafuta ya kupikia na sabuni ziko juu kidogo kuliko za maduka ya jumla yaliyo upande wa chini wa mji, ila kwa unga wa mahindi na mchele hawapishani sana na wenzao.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nililipenda, nalo linahusu makato ya mishahara. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na baadaye bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75, iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF, Oktoba 2024, vilileta manung'uniko katika kila mahali pa kazi, na waajiri wengi waliwaachia watu wao wagundue wenyewe kwamba mshahara umepungua. Hapa mhasibu alikaa na wafanyakazi kwa makundi madogo baada ya zamu, akachukua stakabadhi ya mshahara ya mfano na kuwaeleza kila mstari, hela inakwenda wapi na mwajiri naye anachangia nini. Hawakufurahia makato, na mmoja alinieleza wazi kwamba bado anaona yanamwumiza. Lakini hakuna aliyedhani kwamba duka linamwibia, na mtu asiyemshuku mwajiri wake hana haja ya kummalizia mteja hasira yake.

Kwa anayetaka kuanza kununua hapo kwa wingi, utaratibu ni mwepesi. Oda hupokelewa kwa simu au kwa kufika kwenye dirisha la kando ya stoo, na inafaa kuituma siku mbili mapema. Malipo ni kwa fedha taslimu, M-Pesa au hundi ya taasisi iliyosajiliwa nao. Mkopo wa bidhaa hutolewa kwa shule na vituo wanavyovijua, na hurejeshwa kabla ya oda inayofuata, sharti ambalo naliona la haki kwa pande zote mbili. Gari lao hupeleka mizigo hadi Lanet, Njoro na Rongai kwa ada ndogo, na wapakiaji huhesabu magunia mbele yako kabla ya kusaini. Ukipokea gunia lililotoboka, litaje palepale kabla gari halijaondoka, kwa sababu ukisema kesho yake utabadilishiwa lakini utasubiri safari inayofuata. Anayenunua vya nyumbani tu aende siku za katikati ya wiki kabla ya saa kumi alasiri, aanzie kaunta ya nafaka, na kama anataka mkate wenye ladha, aulize hapo hapo namba ya yule mwokaji wao wa zamani, maana wenzake wanamwelekezea wateja bila kinyongo na meneja analijua hilo.